Meko ya Hestia, Olympia

Misingi hii ni ya pritaneo, jengo la maofisa wa mji wa Elis waliosimamia ibada na michezo ya Olympia. Ndani yake palikuwa na meko ya Hestia, mungu wa kike wa meko. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kuwa moto wake uliwaka usiku na mchana, na majivu yake yalipelekwa kwenye madhabahu kuu ya Zeus. La kustaajabisha zaidi, hapa nyumbani kwa Zeus mwenyewe, sadaka ya kwanza ilikuwa ya Hestia, Zeus alifuata.

Hestia alikuwa kifungua mimba wa Kronos na Rhea. Miungu Poseidon na Apollo walimposa. Akawakataa wote wawili na kuapa kubaki bikira. Zeus akampa nafasi katikati ya kila nyumba. Huko Athens, mtoto mchanga alizungushwa mekoni ili apokewe katika familia.

Miji nayo ilikuwa na meko yake. Plutarch anasimulia kuwa mwaka 479 KK, baada ya vita vya Plataia, Wagiriki walizima mioto yao kwa kuwa Waajemi walikuwa wameinajisi. Euchidas, mtu wa Plataia, akakimbia hadi Delphi kuchukua moto safi, akarudi kabla ya jua kuzama, akawakabidhi wenzake, akaanguka na kufa.

Sanamu za Hestia ni chache mno. Aliabudiwa katika moto wenyewe. Washindi wa Olympia walikirimiwa karamu katika jengo hilihili. Tafadhali usikanyage mawe ya misingi.