Gobore, Mshumaa na Woga wa Mshindo

Sehemu kubwa ya utumishi wangu wa ubwana nyama niliitumia kuwafundisha askari wa wanyamapori kulenga shabaha. Kila kundi jipya lilikuja na imani ileile, kwamba anayekosa ana mkono dhaifu. Mkono si hoja. Anayekosa, mara nyingi, ni yule anayeusubiri mshindo. Kidole kikigusa tu kifyatulio, bega linajikaza, macho yanafumba, na mtutu unainama kabla risasi haijatoka. Woga huo ni wa kale kama bunduki yenyewe, na kila zama zilikuwa na namna yao ya kupambana nao.

Wawindaji wa tembo wa Kimakua na Kinyamwezi wa karne ya 19 walitumia magobore yaliyoingia bara kwa njia ya pwani. Gobore lilishindiliwa kwa mdeki: baruti kwanza, kisha risasi. Lile la gumegume lilikuwa na mtihani wa ziada. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaangukia baruti ya nje karibu kabisa na shavu la mpigaji, ndipo moto ukapenya tundu hadi ndani ya kasiba. Kati ya kufyatua na risasi kutoka palikuwa na kitambo, na katika kitambo hicho mwindaji alitakiwa asiinue uso wala asikwepe mwako. Aliyeshtuka alikosa, na tembo hakuwa mbali.

Magobore hayo yalidumu kwetu kwa sababu ya sheria pia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta, ila gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliweza kuruhusiwa. Ulaya ilipokuwa ikibadilisha silaha zake, mwindaji wa huku aliachiwa ile ngumu zaidi kuituliza.

Wageni nao hawakusalimika. Frederick Selous alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870, alibeba magobore mazito yaliyotupa risasi ya robo ratili, yaani zaidi ya gramu 100. Teke lake lilikuwa kali mno, na baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba bunduki zile zilimharibia ujasiri na ulengaji wake. Huyu ndiye Selous aliyeuawa kwa risasi Beho Beho, Januari 4, 1917, na pori letu kubwa la kusini likapewa jina lake.

Uingereza ilikuwa imeshaanza kuutibu ugonjwa huo darasani. Shule ya kulenga shabaha ya jeshi ilifunguliwa Hythe mwaka 1853, na mafunzo ya enzi hizo yalikuwa na zoezi moja ninalolipenda: askari alipewa bunduki isiyo na risasi wala baruti, yenye fataki tu, akaulenga mwali wa mshumaa kwa karibu. Mtutu ukiwa umetulia, upepo wa fataki uliuzima mshumaa. Ukiyumba, mshumaa uliendelea kuwaka, na hapakuwa na la kubishana.

Vita vya 1914 vilileta woga mwingine. Kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na Mauser za muundo wa 1871, za baruti nyeusi. Kila risasi iliacha wingu la moshi lililomwonyesha adui pa kulenga. Ndiyo maana bunduki za kisasa zilizotekwa Tanga Novemba ile zilikuwa ngawira ya thamani: askari aliweza kufyatua na kubaki ametulia palepale.

Mwindaji Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alichagua bunduki ndogo ya milimita 7, yenye teke jepesi. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Aliua mamia ya tembo. Hesabu hiyo siisifu, ila hoja yake ilisimama: risasi ndogo iliyofika mahali pake inaishinda kubwa iliyotoka kwa bega lenye hofu.

Mimi nilitumia sarafu. Mwanafunzi alilala kifudifudi na bunduki tupu, nikaweka shilingi juu ya mtutu, akashusha pumzi nusu na kukaza kidole taratibu. Ikianguka, anarudia. Baadaye nilichanganya risasi bandia na za kweli bila kumwambia. Kifyatulio kililia "ta!", mshindo haukuja, lakini mtutu ulikuwa umeshainama, naye akajiona. Wa kuegemea kichuguu alitakiwa kuweka mkono au kofia chini ya bunduki, kwani juu ya kitu kigumu huruka.

Nyati aliyejeruhiwa haachwi kichakani. Lazima mtu amfuate, na mara nyingi si yule aliyekosa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekuwa bado anausubiri mshindo sikumpeleka porini, hata kama karatasi yake ya shabaha siku hiyo ilikuwa nzuri.