Ufipa: Ghala Lililojaa, Watoto Waliodumaa

Wafipa wa kale hawakuwa watu wa mahindi. Walifukia nyasi katika matuta ya mviringo, zikaoza zikawa mbolea, kisha wakavuna maharage na ulezi, nafaka inayoyapita mahindi mbali kwa madini ya chokaa. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, dola ilikuwa ikisaka chakula cha miji. Mbolea ya ruzuku ikafika Sumbawanga, na Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Sifa hiyo ilikuwa ya haki, ila ilipimwa kwa magunia tu.

Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta udumavu kwa asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, kiwango kilichoipita mikoa yote. Ule wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50. Udumavu si ufupi tu (ufupi wenyewe una ubaya gani?). Msingi wa ubongo hujengwa katika siku 1,000 tangu mimba kutungwa, nao haujengwi kwa uji mweupe pekee. Maharage yapo Ufipa, na samaki wa Ziwa Rukwa wapo. Vingi hupakiwa malori kwenda sokoni, na mama arudiye jioni kutoka shambani hubaki na sembe.