Kikuza neva na msongo wa oksidisho

Jioni pale Migosi, Kisumu, watoto wanaoruka kamba nje ya nyumba wanafanya zoezi ambalo wakufunzi wa riadha huliita pliometriki. Mguu unatua, msuli unavutika ghafla, kisha unajikunja papo hapo na kuurusha mwili juu. Yuri Verkhoshansky wa Umoja wa Kisovyeti aliyapanga mazoezi ya namna hii miaka ya 1960, na Mmarekani Fred Wilt akayapa jina hilo mwaka 1975. Kwa Kiswahili "mazoezi ya kuruka" yanatosha, mradi ieleweke kwamba nguvu yake iko katika kutua na kuinuka bila kuchelewa.

Ugumu wa istilahi unaanza ndani ya mwili. Mwaka 1982 Yves-Alain Barde na wenzake walichuja kutoka ubongo wa nguruwe protini ijulikanayo kwa herufi BDNF. Protini hii huzisaidia seli za neva kuishi, kukua na kuungana, na ni muhimu katika kujifunza na kukumbuka. Kuiita "kichocheo" kunachanganya, kwa sababu neno hilo tayari linabeba homoni. Mimi naiita kikuza neva, kwa muundo uleule uliotupa kipaza sauti na kinasa sauti.

Mazoezi makali hupandisha kikuza neva katika damu kwa muda mfupi. Tusikimbilie kusema ubongo umekua: kiasi kikubwa cha kile kinachopimwa kwenye damu huhifadhiwa katika chembe sahani. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Marekani mwaka 2011, ambapo katika utafiti wa wazee 120, wale waliofanya mazoezi ya kutembea kwa mwaka mzima waliongezeka hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, kwa takriban asilimia 2. Walitembea tu, hawakuruka.

Istilahi ya pili ilielezwa na Mjerumani Helmut Sies mwaka 1985. Msuli unapofanya kazi huzalisha molekuli za oksijeni zenye ukali, na seli huzidhibiti kwa vizuia oksidisho. Ukali ukizidi uwezo wa seli kujilinda, hali hiyo ndiyo msongo wa oksidisho. "Mfadhaiko" haufai hapa, maana huo ni wa moyo na akili. "Sumu ya oksijeni" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaficha jambo kubwa: oksidisho la kiasi ndilo linaloiagiza seli iimarishe ulinzi wake. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana wanaofanya mazoezi vidonge vya vitamini C na E kila siku kwa wiki nne. Vidonge vilizuia ongezeko la ulinzi huo, na hata faida ya mazoezi katika matumizi ya insulini ikapotea.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa michezo wa Migosi wanaoandaa timu za voliboli na riadha: wanafunzi waruke kwenye nyasi badala ya saruji, kwa awamu fupi zenye mapumziko, na muwape siku ya kupona kabla ya kurudia. Mboga za osuga na mrenda zina vizuia oksidisho vyake. Vidonge msiwape, isipokuwa daktari ameagiza.