Kilio Katikati ya Ujenzi

 Wengine wenu mko jikoni, chai iko motoni. Wengine mko ufuoni mnangoja mashua zirudi na omena. Popote ulipo, ndugu yangu, kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika Kitabu cha Nehemia, mlango wa tano.

Sisi watu wa kanisa twakipenda sana kitabu hiki, hasa tunapotaka kujenga. Kukiwa na mchango wa mabati au wa nyumba ya kasisi, mhubiri huenda moja kwa moja kwa Nehemia. Atatusomea mlango wa pili, jinsi watu walivyokubali kuinuka na kujenga. Atatusomea mlango wa nne, jinsi walivyofanya kazi kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono wa pili. Kisha atakwenda mlango wa sita, ukuta umekwisha kwa siku 52, nasi tutaimba na kutoa sadaka. Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo mara nyingi. Lakini mlango wa tano twauruka. Leo, kwa neema ya Mungu, tusiuruke.

Kwanza tujue habari za kitabu chenyewe. Katika Biblia ya Kiebrania, Ezra na Nehemia ni kitabu kimoja, tena hakikuwekwa pamoja na Samweli na Wafalme, bali katika sehemu ya mwisho iitwayo Maandiko. Sehemu kubwa ya habari za Nehemia imeandikwa kama mtu anayesimulia mambo yake mwenyewe: nilisikia, nililia, nilikwenda. Ni vitabu vichache sana vya historia katika Agano la Kale ambamo kiongozi anasema nasi kwa namna hiyo.

Yerusalemu ulichomwa moto na Wababeli mwaka 586 K.K., na watu wengi wakachukuliwa uhamishoni. Mwaka 539 K.K. Koreshi mfalme wa Uajemi aliitwaa Babeli, akawapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao. Hekalu lilimalizika kujengwa mwaka 515 K.K. Lakini miaka 70 baadaye mji ulikuwa bado hauna ukuta, na malango yake yalikuwa majivu. Ndipo mwaka 445 K.K., mwaka wa 20 wa mfalme Artashasta, Nehemia, mnyweshaji wa mfalme huko Shushani, alipopata habari hizo kwa ndugu yake Hanani. Alilia, akafunga, akaomba. Kisha akamwomba mfalme ruhusa, akaenda Yerusalemu akiwa liwali.

Adui zake hawakuwa watu wa hadithi tu. Zimepatikana huko Misri, katika kisiwa cha Elefantine, barua za Wayahudi zilizoandikwa juu ya mafunjo. Barua moja ya mwaka 407 K.K. inawataja wana wa Sanbalati, liwali wa Samaria. Ndiye yuleyule Sanbalati aliyewadhihaki wajenzi.

Sasa tazama mlango wa tatu. Ni orodha ndefu ya majina, na msomaji huchoka upesi. Lakini majina hayo yana uzito. Makuhani walijenga Lango la Kondoo. Wengine walijenga Lango la Samaki. Wafua dhahabu walijenga, na watengeneza marashi pia. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinama kazini. Kila mtu na sehemu yake, na mwandishi hakumsahau hata mmoja.

Kisha, kazi ikiwa katikati, kilio kikasikika. Hakikutoka kwa Sanbalati nje ya ukuta. Kilitoka ndani, kwa wanaume na wake zao, juu ya ndugu zao Wayahudi. Wengine walisema wana watoto wengi na hawana nafaka. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine walikuwa wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Na wote walikuwa na neno moja chungu zaidi: watoto wao walikuwa wakitiwa utumwani, na baadhi ya binti zao walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, nao hawakuwa na uwezo wa kuwakomboa.

Angalia jambo la kodi. Waajemi walihesabu kodi kwa fedha. Mwandishi wa Kiyunani aitwaye Herodoto asema kwamba jimbo ambalo Palestina ilikuwa ndani yake lilitozwa talanta 350 kwa mwaka katika siku za Dario. Mkulima wa Yuda alikuwa na shayiri na zeituni, hakuwa na fedha. Ili kuipata, ilimbidi auze, au akope kwa tajiri wa kijiji. Mfalme alikuwa mbali. Aliyekuja kuchukua shamba alikuwa jirani yake, mtu wa kabila lake, waliyesimama naye hekaluni.

Ndugu msikilizaji, je, habari hii si kama ya kwetu? Tutoke Yerusalemu sasa, tuje hapa kando ya ziwa.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na kodi ya nyumba ikaja upande huu wa ziwa. Mababu zetu walikuwa na ng'ombe na mtama, lakini serikali ilitaka rupia. Mwenye kukosa rupia alilazimika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Vilipokuja Vita vya kwanza vya 1914 hadi 1918, maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Baada ya vita mzigo ulizidi. Kipande kilianzishwa, kodi ikapandishwa hadi shilingi 16, na mwaka 1920 nchi ikageuzwa kuwa Koloni, watu wakaogopa kwamba ardhi yao itakwenda. Mwaka 1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Ndipo kilio kikasikika. Tarehe 23 Desemba 1921 maelfu ya watu walikusanyika Lundha, katika Gem. Walioongoza walikuwa vijana waliosoma Maseno: Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor, Simeon Nyende. Walikuwa watu wa kanisa na wa shule. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association, lakini wazee wetu walikijua kwa jina la Kijaluo, Piny Owacho, yaani Nchi Imesema. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kazi ya lazima ikome, na ardhi yao ipewe hati. Mwezi Julai 1922 Gavana Northey mwenyewe alikuja Nyahera kuwasikiliza. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12, na makambi ya kazi ya lazima yakafungwa. Lakini Koloni ilibaki Koloni, na hati hazikutolewa.

Lipo jambo jingine ambalo sisi Waanglikana hatupendi kulitaja. Mwezi Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa agizo kwamba maofisa na machifu wawahimize watu waende kufanya kazi kwa walowezi, hata wanawake na watoto kwenye mashamba ya karibu. Wakubwa wa kanisa walijibu. Askofu wa Mombasa, askofu wa Uganda, na Dkt. Arthur wa Misheni ya Kiskoti waliandika waraka. Walieleza mabaya ya agizo hilo, naam, lakini walikubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwapo, mradi iwekwe chini ya sheria. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipoisoma alishtuka. Alipinga waziwazi, na mwaka 1920 akachapisha kijitabu kuwatetea Waafrika.

Na huyo askofu wa Uganda alikuwa nani? Alikuwa J. J. Willis, yule aliyeanzisha Maseno mwaka 1906, na wakati huo Wakristo wa Kavirondo walikuwa chini ya dayosisi yake. Mkono uleule uliotuletea shule ulitia sahihi waraka ule. Sisemi hivi ili nimtukane marehemu. Kazi yake njema tunaila hata leo, na waliopaza sauti Lundha walijifunza kusoma katika shule aliyoianzisha. Nasema ili tujue kwamba mtu aweza kujenga ukuta wa Mungu kwa moyo wote, na kilio kikawa chini ya mguu wake mwenyewe.

Sasa rudi Nehemia 5, mstari wa kumi. Nehemia amekwisha kuwakemea wakuu mbele ya mkutano. Amewaambia ni aibu kuwakomboa ndugu zao waliouzwa kwa mataifa, halafu wao wenyewe wawauze tena. Watu wote wanamwangalia. Ndipo anasema neno ambalo asingelazimika kulisema: kwamba yeye naye, na ndugu zake, na watumishi wake, wamewakopesha watu hao fedha na nafaka. Anasema, tuache jambo hili. Hakusema, acheni. Alijihesabu miongoni mwa waliotenda. Kisha akataka mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba virudishwe siku ileile, pamoja na ile sehemu moja ya mia waliyotoza. Akawaita makuhani, akawaapisha wakuu mbele yao.

Wapendwa, niruhusuni nami nisimame kwenye mstari huo wa kumi.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parishi niliyoitumikia, tulikuwa tukijenga kanisa. Mama mmoja mjane, muuza omena, aliahidi shilingi elfu tano, akazileta kabla ya siku. Nilisimama mbele ya washarika nikamtaja kuwa kielelezo kwa wote. Baada ya miezi michache sikumwona tena kanisani. Nilipomtembelea alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanyamaza. Kisha akasema, "Pasta, zile pesa nilizikopa." Alikuwa amekopa kwa mmoja wa wazee wetu wa kanisa, kwa riba ya kila mwezi, na shamba la marehemu mumewe likawa rehani. Msimu ule mzee ndiye aliyevuna mtama. "Sasa," mama akaniuliza, "nije niketi nyuma ya mtu anayekula shamba langu, nami niimbe?"

Sikuwa na jibu. Maana nilijua zamani kwamba mzee yule anakopesha watu kwa riba. Nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekopa kwake karo ya watoto wangu. Kikao cha wazee kilikuwa kigumu sana, na ilinibidi nianze kwa kuungama deni langu. Shamba lilirudi kwa mjane. Mzee yule alikasirika akatuacha, na fedha zake zikaenda naye. Kuta zetu zilikaa mwaka mzima bila paa. Lakini mama alirudi, akaketi mbele.

Ndugu yangu, kilio bado kipo. Kipo ufuoni, pale mama anapofika alfajiri na pesa zake mkononi, naye mwenye mashua amwambia pesa hazitoshi, mpaka atoe na mwili wake ndipo apate samaki. Jambo hili tumelipa jina, jaboya, na kwa kulipa jina tumelizoea. Nehemia alisikia habari za binti waliochukuliwa, akakasirika sana. Sisi tunasikia habari za mama zetu na dada zetu, na Jumapili mwenye mashua analeta sadaka nono, nasi twampa kiti cha mbele. Je, sadaka ile ni ya ukuta gani?

Usidhani kwamba Nehemia alishinda mara moja tu ikawa basi. Alikaa liwali miaka 12, hakula posho ya liwali, kisha akarudi kwa mfalme. Alipokuja tena, mlango wa 13, alikuta Tobia, adui yule, amepewa chumba ndani ya ukumbi wa hekalu, pale palipowekwa zaka za nafaka. Walawi hawakulipwa, wamekimbilia mashambani. Watu wa Tiro walikuwa wakiuza samaki siku ya Sabato. Ukuta ulikuwa umesimama imara, lakini ndani mambo yalikuwa yameharibika. Kitabu hakimaliziki kwa shangwe. Kinamalizika na mzee anayemsihi Mungu amkumbuke kwa mema.

Kwa hiyo, msikilizaji mpendwa, kabla hujatoa mchango wako wa jengo wiki hii, kaa kidogo, ujiulize kama kuna mtu anayelia kwa sababu yako. Kama una shamba la jirani yako mkononi, lirudishe. Kama umenyamaza kwa sababu unadaiwa, sema. Jengo laweza kungoja. Mjane hawezi.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyesikia kilio cha watu wako Yerusalemu, sikia na kilio cha watu wa ziwa hili. Utupe sisi viongozi moyo wa kuungama kabla ya kukemea. Uwarudishie mafukara wako haki yao, na kutujenga sisi tuwe nyumba yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.