Mtu Aliyegusa Kila Nguzo

Siku moja katika karne ya 18, wanaume wawili walisimama dirishani kwenye nyumba moja ya Bedford Street, London, wakimtazama mtu akija kwa miguu. Mmoja wao alikuwa na darubini ndogo, ile ya kuendea tamthilia. Yule mtu alikuwa pande la mtu, mwendo wake wa kuyumba, na kila alipofikia nguzo kando ya njia aliiwekea mkono taratibu, kama anayesalimia wazee barazani. Nguzo moja ikampita. Akaenda hatua kadhaa, akasimama, akarudi nyuma, akaigusa, ndipo akaendelea na safari. Mwenye darubini, Samuel Whyte, alishangaa. Mwenyeji wake, Thomas Sheridan, wala hakushangaa. Alisema huo ndio mtindo wa bwana yule siku zote, na sababu yake hakuna anayeijua.

Bwana huyo alikuwa Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755, yenye maneno zaidi ya 42,000, kazi aliyoifanya na makarani sita tu. James Boswell, rafiki aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Johnson hakupita mlangoni hivi hivi. Alihesabu hatua ili mguu fulani ndio utangulie, na akikosea alirudi akaanza upya. Alitikisa kichwa, alijisugua goti, alitoa mlio kama kuku, na akimaliza hoja ndefu alipuliza pumzi kama nyangumi. Maganda ya machungwa aliyaweka akayakausha. Boswell alipomdadisi ni ya nini, alikataa katakata kusema.

Nilikutana na Johnson usiku mmoja nikitafuta kwenye simu kwa nini watu hujitafuna vidole. Mimi huchuna ngozi kando ya kucha za vidole gumba. Kazi yangu ni kuandika, nalipwa kwa makala, na mtu akishaniambia pesa zitaingia Ijumaa, basi Ijumaa nzima vidole havitulii. Saa zingine najua ninachofanya. Mara nyingi nashtukia damu. Kwenye mathree nikimpa makanga nauli, hukunja kidole gumba ndani ya kiganja ili asikione, kana kwamba makanga wa watu hana shughuli nyingine.

Kilichonivuta kwa Johnson si kamusi. Ni kwamba aliacha chuo. Aliingia Oxford Oktoba 1728, akatoka Desemba 1729, miezi 13 hivi, kwa sababu pesa ziliisha. Viatu vyake vilikuwa vimetoboka hadi vidole vinaonekana. Mtu mmoja akamwekea jozi mpya mlangoni kwa siri, na Johnson akazitupa kwa hasira. Mimi nilimpita kwa semista moja, halafu ada ikanishinda. Ile hasira ya viatu naielewa vizuri sana.

Akarudi kwao Lichfield, na huko huzuni ikamwangukia vibaya. Wakati mwingine, alisema baadaye, alilegea kiasi cha kutazama saa ya mji asiweze kusoma ni saa ngapi. Alijaribu kuitoa huzuni hiyo kwa miguu: alitembea hadi Birmingham na kurudi, mwendo wa kilomita zaidi ya 50. Lakini wapi. Ndipo akaandika hali yake yote kwa Kilatini, akampa daktari aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Daktari akaisifu ile barua, akawaonyesha watu wengine. Johnson aliumia mno, na urafiki wao haukurudi ulivyokuwa.

Na aibu haikuishia hapo. Mwaka wa 1735 aliomba kazi ya kufundisha katika shule ya Solihull. Wakubwa wa shule walimkataa, na moja ya sababu ilikuwa namna alivyopinda uso. Walikubali kwamba hakuwa na uwezo wa kujizuia, ila waliogopa wavulana wataathirika. Miaka ikapita. Siku moja mchoraji William Hogarth alimkuta nyumbani kwa mwandishi Samuel Richardson, amesimama dirishani akitikisatikisa kichwa na kuyumba, akadhani ni punguani aliyeletwa na jamaa zake atunzwe. Kisha yule "punguani" akaja mbele, akaanza kubishana kuhusu mfalme kwa ufasaha ambao Hogarth hakuwahi kuusikia.

Ungedhani sayansi ilipokuja iliondoa aibu. Iliipa majina tu. Mwaka wa 1885 Mfaransa Gilles de la Tourette alieleza ugonjwa wa miili inayoshtuka na sauti zinazotoka bila hiari. Mwaka wa 1979 daktari mmoja aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba Johnson huenda alikuwa nao. Mwaka wa 1889 Hallopeau, wa Paris, akaipa jina hali ya kujing'oa nywele: trikotilomania. Na katika miaka ya 1890 mwenzao Edgar Bérillon akawageukia wala kucha. Aliwahesabu miongoni mwa watu ambao kizazi chao kimeharibika, akawatibu kwa hipnosisi. Yaani unatafuna kucha kwa sababu una hofu, halafu bwana mkubwa wa Paris anakutangazia kwamba kosa liko kwenye damu yako.

Huku kwetu hatukuhitaji Paris. Mtoto anayenyonya kidole hupakwa pilipili, au shubiri, au maji ya mwarobaini. Akikua anaambiwa aache tabia za kitoto. Wazazi hawana ubaya, wanatumia walichopewa. Lakini uchungu wa shubiri unakaa kwenye kidole, na kilichoupeleka mkono mdomoni kiko kwingine.

Kwingine wapi? Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyojua. Tunasema mtu ana wasiwasi, na tunalitumia neno hili kwa kila kitu, kuanzia mtihani hadi mechi ya Gor. Neno lenyewe ni la Kiarabu na limo katika sura ya mwisho ya Kurani. Asili yake ni mnong'ono: kitu kinachokunong'oneza ndani, hukioni, nacho hakikomi. Waislamu wa Pwani bado hulitumia kwa mtu anayerudia udhu mara tatu, mara nne, kwa kuwa kuna kitu kinamwambia haujatimia. Johnson akirudia mlango tena na tena, mswalihina yeyote wa Lamu angemtambua.

Karibu miaka 800 kabla ya Johnson, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa karibu na Balkh katika Afghanistan ya leo, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Alifariki mwaka wa 934. Humo aliweka sehemu nzima ya wasiwasi unaorudiarudia, akiutenga na huzuni, hofu na hasira. Na shauri lake la mwanzo halikuwa dawa. Alisema mwenye shida hiyo asikae peke yake, kwa sababu upweke ndio unaoyapa mawazo hayo nafasi. Akae na watu, ajishughulishe.

Johnson hakumsoma al-Balkhi. Alilifikia jambo lile lile kwa njia ndefu. Rafiki yake Joshua Reynolds, mchoraji, alimchunguza kwa miaka akaona kitu ambacho wengi hawakukiona: Johnson akiwa katikati ya mazungumzo, mikono ilitulia. Akiachwa na mawazo yake, ikaanza. Reynolds akahitimisha kwamba mienendo ile ilifuatana na mawazo mazito, na kwamba ndiyo sababu Johnson alipenda watu wowote na kazi yoyote kuliko kuwa peke yake.

Sasa turudi kwenye zile siku mbaya baada ya Oxford. Johnson alikwenda kukaa Birmingham, ambako rafiki yake wa shule, Edmund Hector, alikuwa akiishi. Alikuwa amekubali kutafsiri kitabu cha safari za Jerónimo Lobo, padri Mreno, kutoka Kifaransa. Alianza, akakwama, akawa halitoki kitandani. Hector hakumhubiria. Alimwambia tu kwamba mchapishaji hawezi kuanza kazi nyingine hadi hii iishe, na kwamba mtu yule ni maskini, familia yake inaumia. Johnson akalala pale pale, kitabu mbele yake, akatamka tafsiri kwa mdomo, na Hector akaandika. Kitabu kikatoka mwaka wa 1735, cha kwanza maishani mwake, kwa malipo ya gini tano. Kuna jambo lingine linalonifurahisha: huyo Lobo alifika Pate mwaka wa 1624 akitafuta njia ya nchi kavu kwenda Uhabeshi, akashindwa. Kwa hiyo kilichomvuta Johnson kutoka kwenye lile shimo, pamoja na rafiki mwenye kalamu, kilikuwa kitabu cha mtu aliyekanyaga pwani yetu.

Baadaye alijitengenezea mbinu zake. Hester Thrale, mwanamke aliyempa chumba katika nyumba yao ya Streatham baada ya kumkuta amevunjika moyo mwaka wa 1766, anasema Johnson akihisi akili inamchafuka alikimbilia hesabu. Siku moja alipiga hesabu ya deni la taifa la Uingereza, pauni milioni 180, aone kama likigeuzwa fedha litatosha kutandaza mstari kuizunguka dunia. Alifanya pia majaribio ya kemia. Na nyumba yake mwenyewe aliijaza watu: Francis Barber, aliyezaliwa mtumwa Jamaica na ambaye Johnson alimwachia sehemu kubwa ya mali yake, Robert Levet, tabibu wa maskini, Anna Williams, mshairi kipofu. Hata akirudi usiku wa manane, alikunywa chai na Anna Williams kabla ya kulala. Wageni walishangaa anawezaje kuishi na watu wanaogombana vile. Mimi sishangai. Nyumba yenye kelele ina nafasi ndogo ya mnong'ono.

Ilichukua hadi mwaka wa 1973 kwa mtu kuyageuza mambo haya kuwa tiba yenye hatua. Nathan Azrin na Gregory Nunn, wanasaikolojia wa Illinois, Marekani, walichapisha njia waliyoijaribu kwa watu 12 wenye tabia kama kula kucha, kujing'oa nywele na mishtuko ya mwili. Hawakuanza kwa kuuliza una kasoro gani. Waliuliza mkono unaanza kwenda lini, uko wapi, umekaa vipi. Hatua ya kwanza ni kujifunza kuutambua mkono ukiwa bado njiani. Ya pili ni kuupa kazi isiyowezekana pamoja na ile tabia, kwa mfano kukunja ngumi na kuikaza kwa dakika kama tatu. Ya tatu ni kumshirikisha mtu wa karibu, ambaye kazi yake ni kukusifu unapofaulu na kukukumbusha bila kelele. Hadi leo njia hiyo ni kati ya zinazoaminiwa zaidi kwa tabia hizi.

Itazame vizuri hiyo hatua ya tatu. Ni Hector na kalamu yake, ni Anna Williams na birika lake. Ni shauri la al-Balkhi. Miaka elfu moja, na kila mara aliyeielewa shida hii alikuta kwamba mkono hauponi kwa kufichwa. Aibu inakufanya ujifungie, ukijifungia mnong'ono unapata ukumbi mzima, na mkono unarudi kazini. Ndiyo maana pilipili haisaidii sana. Ndiyo maana pia yule daktari wa Lichfield aliharibu: mtu wa pili asiyejua kutunza siri ni afadhali asiwepo.

Sisemi rafiki anatosha kwa kila mtu. Ikiwa vidonda vinaoza, nywele zinaisha, au saa nzima za siku zinaliwa, mtafute daktari au mshauri, umwambie neno moja moja bila kuona haya. Yeye ndiye anayejua kuifundisha ile njia ya ngumi kwa utaratibu.

Kwa upande wangu, nina kitambaa cha kufuma mezani, kibaya kweli kweli, kazi yake ni kuishughulisha mikono ninapofikiria sentensi. Wazee wetu wa kike walisuka viondo wakitembea na kupiga gumzo, na sijawahi kusikia mtu akiwauliza mbona mikono yao haitulii. Nina rafiki pia, fundi wa nguo mtaa wa pili, aliyekubali tuwe tunapigiana simu usiku wakati wa kazi. Tunaiacha laini wazi. Mimi naandika, yeye anashona, nusu saa inapita bila neno, nasikia cherehani tu. Mara moja moja huuliza, "Vidole viko wapi?" Namjibu ukweli, kisha cherehani inaendelea.

Johnson hakuacha. Alifariki Desemba 1784, na waliokuwa naye miaka ya mwisho bado waliona mwili wake ukicheza vile vile. Zile nguzo alizigusa na kamusi akaimaliza.