Mpingo: umri wa mti mmoja

Kazi ya semina ya historia imekwisha, ila kuna kitu hakikuenea kwenye kurasa nilizopewa. Nakimwaga humu.

Maduka ya vinyago ya hapa mjini, ukianzia Mnara wa Saa, kila kitu utaambiwa ni "sanaa ya kale". Mtalii anaitikia, anatoa dola. Mi naona hapo historia inapindwa kidogo.

Mpingo wenyewe si mti wa kutisha. Ni mdogo, umejipindapinda, matawi mengi kama kichaka, na miiba juu. Kilicho cheusi ni kiini tu, nje mbao ni nyeupe-manjano. Kiini hicho ukikitupa majini kinazama. Usiutafute kwenye msitu wa Mlima Meru, maana unapenda nyika kavu za chini, na magogo mengi ya biashara hutoka mikoa ya kusini.

Wachongaji nao asili yao ni huko. Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakifuata kazi kwenye mashamba ya mkonge. Sasa utamu uko hapa: vinyago vyao vya mapiko, vile vya kuvaa kwenye ngoma, vilichongwa kwa mti mwepesi. Nani acheze na gogo la mpingo usoni? Mpingo waliushika kwa nguvu karne ya 20, walipopata wateja wageni. Dar es Salaam alikuwepo mfanyabiashara Mohamed Peera akiwanunulia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa akatoa mtindo wa shetani. Ule wa watu waliopandana kama nguzo ukaitwa Ujamaa, jina la siasa ya Mwalimu, ile ile ya Azimio la hapa Arusha, 1967.

Piga hesabu basi. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kukatwa. Kutoka Samaki mpaka duka la leo, umri wa mti mmoja haujatimia!

Na wateja si watalii tu. Ulaya wanaukereza kutengeneza klarineti na oboe. Mkereza mmoja wa Texas, James Harris, aliona filamu kuhusu mti huu, akaungana na Sebastian Chuwa wa Moshi, mtaalamu wa mimea aliyewahi kufanya kazi Ngorongoro, wakaanzisha mradi wa kuotesha miche mwaka 1996. Chuwa alifariki 2014.

Mwaka 2017 mpingo ukaingia orodha ya CITES, biashara ya nje ikawa kwa kibali. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa. Shehena ya vinyago ikizidi kilo 10 za mbao hiyo, bado kibali. Hapo mniambie nani alikuwa na wakili mzuri.

Huku dukani, vingine ni mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Kabla hujalipa, kinyanyue usikie uzito, kisha kikwangue chini, kwenye kitako.

Naishia hapa, foleni ya kafteria inazidi kurefuka.