Mifupa ya Nchi ya Ziwa

Mkulima wa Marani, huku Kisii, achimbaye kisima au msingi wa nyumba hakuti mfupa wa mnyama wa kale, na sababu yake ni umri wa miamba yenyewe, kwani mawe yaliyo chini ya vilima vya Kisii na Nyamira, pamoja na lile jiwe laini la Tabaka lichongwalo vinyago, yalifanyika zamani mno, kabla dunia haijapata kiumbe mwenye mifupa. Lakini mtu akishuka kuelekea Ziwa la Viktoria, au akivuka upande wa Koru na Muhoroni, hufika katika nchi ambayo volkano za Kisingiri na Tinderet ziliimwagia majivu yenye chokaa, majivu yakawafunika wanyama waliokufa mitoni na misituni, na mifupa yao ikageuka mawe pasipo kuoza.

Taarikh ya elimu hii kwetu yaanzia Karungu, palipokuwa na makao ya serikali ya wilaya kabla boma halijahamishiwa Kisii. Mwaka 1909 mtafuta madini mmoja, G. R. Chesnaye, aliiona mifupa hiyo, habari ikamfikia C. W. Hobley, ofisa mkubwa wa serikali ya kikoloni, na baadaye D. B. Pigott, ofisa wa wilaya, akaenda kuikusanya. Pigott hakurudi: mwaka 1911 aliuawa na mamba, ila mzigo wake ukasalimika na kupelekwa London, ambako mtaalamu C. W. Andrews alitambua ndani yake masalia ya Deinotherium, jamaa wa ndovu ambaye pembe zake zilitoka katika taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Mnyama alipewa jina la Hobley. Pigott, aliyelipa kwa roho yake, alistahili kukumbukwa angalau kwa kiasi hicho.

Tangu hapo wataalamu hawakukoma kuja, na wa kisiwa cha Rusinga ndio waliovuma zaidi, baada ya mtafiti Mary Leakey kuokota mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul. Walakini kisa kinachoniingia moyoni kuliko vyote hakikutokea porini, kilitokea ndani ya makumbusho ya Nairobi. Kati ya 1978 na 1980 watafiti walichimba mahali paitwapo Meswa Bridge, karibu na Muhoroni, wakapata, pamoja na vitu vingine, vipande vya taya, meno na mifupa ya mguu ya mnyama mkubwa mla nyama. Na kwa kuwa shabaha yao ilikuwa nyani, vipande vile vikawekwa kwenye droo vikakaa humo miongo kadhaa, mpaka Matthew Borths, Mmarekani aliyekuwa akitafiti wanyama wa namna hiyo, alipoifungua na kushangaa kwa alichokiona. Mwaka 2019 yeye na mtafiti mwenzake Nancy Stevens wakamtangaza mnyama huyo kwa jina la Kiswahili, Simbakubwa kutokaafrika.

Hakuwa simba, wala hana nasaba na paka yeyote, hata na chui ambaye Abagetutu wa Marani humheshimu kuwa ishara ya ukoo wao. Alikuwa wa kabila la wanyama lililokwisha kutoweka duniani, aliyeishi yapata miaka milioni 22 iliyopita, na meno yake ndiyo ushahidi: simba ana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa, ilhali huyu alikuwa na jozi tatu, tena zisizolika sana, kuonyesha kwamba alikufa angali kijana. Uzito wake wabishaniwa, kadirio la juu likifika kilo 1,500 na la chini likiwa kilo mia chache.

Kama Simbakubwa alivyokawia kutambuliwa, ndivyo alivyokawia kueleweka Rusingoryx, jamaa wa nyumbu wa Rusinga, aliyepewa jina katika miaka ya 1980; lakini ni mwaka 2016, baada ya mafuvu mengine kupatikana na kuchunguzwa kwa makini, ndipo ilipobainika kwamba juu ya pua yake palikuwa na nundu ya mfupa yenye uwazi ndani, ambayo yumkini ilimwezesha kutoa sauti nzito ya kuitana na wenzake. Umbo kama hilo lilikuwa likijulikana kwa dinosauri tu. Nyumbu huyu aliishi miaka makumi ya maelfu tu iliyopita, akaonana na wanadamu.

Naona tutaelewa vyema zaidi jinsi wanyama kama hawa wanavyotoweka tukiwapeleka watoto wetu hifadhi ya Ruma, katika bonde la Lambwe, wakamwone korongo, yule mnyama mrefu wa jamii ya paa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Hana makao mengine ya porini yaliyosalia Kenya nzima, na sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15.